Mcheza kwao hutunzwa: Deni la Burundi kwa wanawake wake

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa wanawake wa Burundi waliojitoa kuitumikia jamii yao, methali hiyo imekwenda kichwa chini miguu juu. Tuzo kubwa walizopata zilitolewa ugenini, mbele ya wageni wa heshima na kamera za televisheni. Nyumbani, mwanamke huyo huyo akirudi mlimani kwao anakuta kwamba shamba la marehemu baba yake wamegawana kaka zake, naye hana pa kushika.

Jambo hili linawagusa hasa watu wa aina mbili: wale waliorejea kutoka kambi na vijiji vya Tanzania, na akina mama wanaoishi kwa kuvuka mipaka na mizigo yao, iwe njia ya Gatumba kwenda Uvira, Kobero kwenda Kabanga au Mugina kwenda Manyovu. Hao ndio wanaojua vizuri kuliko wengine kwamba heshima isiyokupa haki yoyote mkononi ni sawa na sifa za harusini. Zinaisha ngoma ikinyamaza.

Tuwatazame basi wanawake wachache ambao majina yao yameandikwa katika historia ya nchi hii, tuone walipewa nini, waliwaachia nini wenzao, na ni kitu gani ambacho bado hakijalipwa.

Heshima ya kale ilikuwa na kazi

Burundi ilikuwa na namna yake ya kumtunza mtu mwema kabla ya nishani na vyeti. Mtu aliyeonekana kuwa mkweli, mwenye busara na asiyependelea alichunguzwa na majirani zake kwa miaka mingi. Akifaa, alisimikwa kuwa umushingantahe mbele ya watu wote, akaapa, pombe ikanywewa. Tangu siku hiyo aliketi pamoja na wenzake, fimbo ya intahe mkononi, kuamua mipaka ya mashamba, madeni na ugomvi wa ndoa.

Katika desturi hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, heshima ile haikuwa pambo. Ilimpa mtu mamlaka na mzigo wa kazi, na jamii nzima ilifaidika. La pili, aliyesimikwa alikuwa mwanaume. Mkewe alisimama pembeni yake siku ile, akapokea wageni na kusifiwa kwa kuitunza nyumba, lakini neno la kuamua halikuwa lake.

Kipimo hicho cha wazee, yaani heshima ni ile inayozaa kazi na haki, ndicho tutakachokitumia hapa.

Mwanauchumi aliyebaki na nchi mikononi

Sylvie Kinigi alizaliwa mwaka 1953, akasomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Burundi na kufanya kazi katika Benki Kuu ya nchi. Julai 10, 1993, siku Rais Melchior Ndadaye alipoapishwa, mwanauchumi huyo aliteuliwa kuwa waziri mkuu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini, na mmoja wa wanawake wa kwanza kuushika katika bara zima la Afrika. Rais alikuwa Mhutu wa chama cha Frodebu, waziri mkuu Mtutsi wa chama cha Uprona. Uteuzi huo ulikuwa na ujumbe wake.

Haikupita hata miezi minne. Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1993, wanajeshi walifanya mapinduzi na Rais Ndadaye akauawa. Mauaji yakasambaa milimani. Waziri mkuu na baadhi ya mawaziri walikimbilia ubalozi wa Ufaransa mjini Bujumbura, na huko ndiko serikali iliyosalia ilikoendelea kupumua. Mapinduzi hayakufua dafu, lakini nchi haikuwa na rais. Kwa miezi ile migumu, mpaka Cyprien Ntaryamira alipoapishwa mwanzoni mwa Februari 1994, mwanamke huyu ndiye aliyekuwa na dhamana ya kuiongoza serikali.

Leo jina lake hutajwa katika orodha za wanawake wa kwanza Afrika. Ni heshima, na inastahili. Lakini alipoondoka madarakani Februari 1994 hapakuwa na kanuni yoyote iliyosema mwanamke mwingine angefuata. Mlango ulifunguliwa kwa mtu mmoja, na alipotoka ukafungwa. Kwa kipimo cha wazee, heshima hiyo ilikuwa ya mtu binafsi. Haikuwa bado mali ya wanawake wote.

Mwalimu wa Ruyigi na dola za tuzo

Siku tatu tu baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, yaani Oktoba 24, 1993, jambo lingine lilitokea mbali na mji mkuu. Ruyigi, wakati huo mkoa wa mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, Marguerite Barankitse, ambaye wengi wanamwita Maggy, alikuwa amewakusanya watu waliotafuta hifadhi katika nyumba ya askofu. Maggy alikuwa Mtutsi aliyewahi kuwa mwalimu, na tayari alikuwa analea watoto saba, Wahutu na Watutsi pamoja. Kundi la Watutsi wenye silaha lilivamia. Walimpiga, wakamfunga, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Alifanikiwa kuwaokoa watoto 25.

Watoto hao ndio waliokuwa msingi wa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Miaka ilivyokwenda, watoto waliopitia mikononi mwake walifika maelfu: mayatima wa vita, watoto waliozaliwa gerezani, waliokuwa wameathirika na Ukimwi, na wale waliorudi kutoka kambi za Tanzania bila kujua mlima wa baba yao ni upi. Hakupenda mabweni makubwa ya mayatima. Alitaka watoto wakae katika nyumba ndogo kama familia, walime, wajifunze ufundi, na ikiwezekana warudishwe kwenye mashamba ya wazazi wao.

Dunia ilimwona. Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilimpa Tuzo ya Nansen iliyoambatana na dola 100,000 za Marekani. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Opus huko Seattle, Marekani, ya dola milioni moja. Aprili 2016, mjini Yerevan nchini Armenia, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Aurora. Wakati huo ilikuwa na utaratibu wa pekee: mshindi alipata dola 100,000, kisha akachagua mashirika ya kupewa dola milioni moja nyingine ili waliomsaidia nao wasaidie zaidi.

Tukitumia kipimo chetu, hapa tunaona heshima iliyogeuzwa kuwa kazi. Ruyigi, mji mdogo ambao zamani mgonjwa wake alibebwa kwenye machela, ilipata hospitali ya Rema iliyofunguliwa mwaka 2008. Palijengwa pia ukumbi wa sinema na bwawa la kuogelea. Wapo waliocheka: watu wana njaa, mwanamke huyu anajenga bwawa? Lakini kijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliojifunza kuogelea katika maji yale yale walikuwa wamefundishwa somo ambalo hakuna semina ingeliweza kulifundisha.

Hata hivyo, kazi hiyo nayo ilikuwa na udhaifu mmoja. Ilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Mwaka 2015, nchi ilipoingia katika mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, Maggy alipinga hadharani na akalazimika kukimbia. Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha shughuli za mashirika kadhaa ya kiraia, Maison Shalom likiwamo. Tuzo ya Aurora ilimkuta akiwa uhamishoni. Huko Rwanda alianza upya kati ya wakimbizi wa Kirundi wa Kigali na kambi ya Mahama, akifanya yale yale aliyoyafanya Ruyigi: shule, ufundi, mitaji midogo. Mwanamke aliyewapokea waliorejea akawa mkimbizi yeye mwenyewe.

Arusha: wengi wasio na jina

Hapo ndipo tunapokuja kwa wanawake ambao majina yao hayajulikani sana, lakini ambao pengine ndio walioacha kitu kigumu zaidi kung'oka.

Mazungumzo ya amani ya Burundi yalipoanza Arusha Juni 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere, waliokaa mezani karibu wote walikuwa wanaume. Vyama 19 vilikuja kushiriki, kila kimoja na madai yake. Wanawake waliambiwa kwamba hawakuwa chama, hivyo hawana kiti. Wao walijibu kwamba vita havikuwauliza kadi za chama vilipochoma nyumba zao.

Vyama vya akina mama, vingi vikiwa chini ya mwavuli wa CAFOB, vilituma wajumbe Arusha. Wahutu na Watutsi, waliobaki nchini na waliokuwa wakimbizi, walisubiri nje ya kumbi, wakawafuata wajumbe mahali pa chakula na hotelini, wakazungumza na mmoja mmoja. Hatimaye walikubaliwa kuwa waangalizi. Mwalimu alipofariki Oktoba 14, 1999, na Nelson Mandela kushika usukani wa upatanishi, walipata masikio yaliyo tayari zaidi kusikiliza.

Julai 2000 ulifanyika Arusha mkutano wa wanawake wa Burundi wa vyama vyote, ukisaidiwa na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Wanawake, UNIFEM, na Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Kila chama kati ya vile 19 kilileta wanawake wawili, pamoja na wawakilishi wengine. Wanawake ambao viongozi wao wa kiume hawakuweza kukubaliana kwa miaka miwili walitoka na tamko moja. Walidai usalama wa wanawake na wasichana wakati wa vita na baada yake, adhabu kwa wabakaji, elimu sawa, haki ya ardhi, mali na mirathi, na asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi.

Mandela aliyapokea mapendekezo hayo, na mengi yaliingia katika Mkataba wa Arusha uliosainiwa Agosti 28, 2000. Ile asilimia 30 ilikataliwa na wakubwa wa vyama. Akina mama hawakwenda kulala. Waliendelea kuibeba kwa miaka mitano, mpaka ikaandikwa katika Katiba iliyopigiwa kura ya maoni Februari 2005.

Matunda yake yalionekana mwaka huo huo. Immaculée Nahayo alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Alice Nzomukunda akawa Makamu wa Pili wa Rais. Antoinette Batumubwira akapewa Wizara ya Mambo ya Nje na Clotilde Niragira Wizara ya Sheria. Tofauti na ile ya mwaka 1993, nafasi hizi hazikutegemea tena ukarimu wa rais mmoja. Sheria ilikuwa inadai, na imeendelea kudai katika chaguzi zilizofuata. Akitoka mmoja, mwingine lazima aingie.

Hakuna aliyewafungia safari wanawake wa Arusha kwenda kuwavisha nishani wote. Lakini kwa kipimo cha wazee, wao ndio waliopata heshima kubwa: walichokipigania kinatumika na wanawake ambao hata hawajui kwamba mkutano ule ulifanyika.

Deni lililobaki: mirathi

Hata hivyo, katika orodha ya Julai 2000 kuna dai moja ambalo halijafika mwisho wa safari. Ni mirathi.

Kwa mila, itongo la familia huenda kwa watoto wa kiume. Binti hupewa igiseke, kipande cha shamba ambacho baba humkabidhi alime na kuvuna katika maisha yake. Si chake cha kuuza wala cha kuwarithisha watoto wake, na kaka zake wakibanwa na udogo wa ardhi, hicho ndicho cha kwanza kutazamwa kwa jicho baya. Rasimu ya sheria ya mirathi iliyoandaliwa mwaka 2004 haikupitishwa. Miaka imepita, serikali zimepokezana, wabunge wanawake wameingia kwa asilimia 30 na zaidi, na suala hilo limebaki mikononi mwa mila na busara ya hakimu mmoja mmoja.

Wanaopinga wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na mashamba yamekatwakatwa mpaka mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Wanasema binti akirithi kwao na mumewe akarithi kwake, ardhi itasambaratika zaidi na kesi zitaongezeka. Lakini kaka watano wakigawana shamba nalo linakatika vipande vitano, na hakuna anayesema wanaume wazuiwe kurithi. Udogo wa ardhi ni tatizo la wote. Hauwezi kulipwa na upande mmoja tu.

Anayeumia kuliko wote ni aliyerejea. Chukua mfano wa msichana aliyevuka kwenda Kigoma mwaka 1972 mgongoni mwa mama yake, wakitokea Rumonge au Nyanza-Lac. Amekulia Tanzania, ameolewa huko, amefiwa na mume huko. Katika miaka ya 2002 hadi 2009, UNHCR iliposaidia karibu nusu milioni ya Warundi kurudi nyumbani, naye akarudi na watoto. Kwa mumewe anaambiwa: wewe ni mjane, watoto wako tutawaona wakikua. Kwa baba yake anaambiwa: binti harithi. Michikichi aliyoipanda babu yake inavunwa na mtu mwingine mbele ya macho yake. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, kushughulikia kesi za waliorejea. Lakini mume na kaka walipokuja mbele ya tume, walikuwa na mila nyuma yao. Mwanamke aliyekuwa peke yake alikuja na maneno matupu.

Hata mfanyabiashara anaguswa

Huenda mama anayeuza vitenge, dagaa au mafuta ya mawese akasema: mimi si mkulima, mirathi inanihusu nini? Inamhusu sana. Akienda benki kuomba mkopo, swali la kwanza ni dhamana. Dhamana inayokubalika ni nyumba au kiwanja chenye hati, na hati ina jina la mume, la kaka au la shemeji. Ndiyo maana mtaji wa akina mama wengi unatoka kwenye ikirimba, ule upatu wa marafiki kumi au ishirini, ambao unatosha kujaza gunia lakini hautoshi kujaza lori.

Hilo lilionekana wazi Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto. Mfanyabiashara aliyekuwa na nyumba kwa jina lake aliweza kuiweka rehani akaanza upya. Asiye na kitu alirudi kubeba beseni kichwani. Machi 2022 ilizinduliwa benki ya uwekezaji na maendeleo kwa ajili ya wanawake, BIDF, ili kuwakopesha akina mama na vikundi vyao. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini hata benki iliyoanzishwa kwa ajili yao haiwezi kuziba pengo la mwanamke asiye na hata mita moja ya ardhi.

Tufanye nini leo

Wakati sheria ikisubiriwa, yapo mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya bila kungoja Bunge.

Kwanza, jina liandikwe. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliruhusu ofisi za ardhi za tarafa kutoa vyeti vya umiliki. Familia inapokwenda kuandikisha shamba, jina la mke liwekwe pamoja na la mume, na igiseke la binti litajwe. Kipande cha karatasi kilichoandikwa baba akiwa hai kina nguvu kuliko machozi ya siku ya matanga.

Pili, ndoa iandikishwe serikalini. Mjane asiye na cheti cha ndoa anaanza kesi yake akiwa nyuma. Aliyeolewa kambini na ana karatasi yoyote ya huko aitunze kama fedha.

Tatu, usiende peke yako. Vipo vyama vilivyoanzishwa na wanawake wenyewe kwa kazi hii, kama AFRABU, chama cha wanawake waliorejea Burundi, na AFJB, chama cha wanawake wanasheria. Zipo kesi ambazo mahakama imempa binti fungu lake kwa kutegemea Katiba inayosema raia wote ni sawa. Lakini hakimu hawezi kuamua kesi ambayo haijafikishwa mbele yake.

Nne, na hili ni la akina baba: hakuna mila inayomkataza mzee kumgawia binti yake akiwa hai na mwenye akili timamu, mbele ya majirani na watoto wake wa kiume. Wapo waliofanya hivyo na milima haikuanguka.

Kinigi alionyesha kwamba mwanamke anaweza kubeba nchi. Barankitse alionyesha kwamba tuzo inaweza kugeuzwa hospitali. Wanawake wa Arusha walionyesha kwamba dai lililokataliwa leo linaweza kuwa Katiba kesho, likibebwa na wengi na kwa muda mrefu. Nishani za ugenini tunazishukuru. Ila mcheza kwao atakuwa ametunzwa kweli siku binti wa Rumonge, wa Ruyigi au wa Buyenzi atakapofika kwenye ofisi ya ardhi, akataja jina la baba yake, na karani akafungua kitabu bila kumuuliza kaka yake yuko wapi.